Meli ya Chuma Jangwani: Uongo Unaochekesha na Uongo Unaopita Kimya



Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari katika toleo hili ni la zamani kuliko vyuo vikuu vyenyewe. Je, yafaa mtu mwenye akili timamu akae afurahie jambo analojua wazi kwamba halikutokea wala haliwezi kutokea? Na ikiwa yafaa, kuna deni lolote linalobaki shingoni mwake akishafunga kitabu?

Nimelileta swali hili kwa sababu ya riwaya moja, Sahara, ya Clive Cussler, Mmarekani aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 88. Ilitoka mwaka 1992, na filamu yake ikatoka mwaka 2005. Miongoni mwetu wapo walioimaliza kwa usiku mbili, wapo walioishia kurasa za mwanzo, na wapo walioiona filamu tu. Kinachonishughulisha zaidi ni namna tunavyoijadili. Kila ninapowasikia kaka na dada zetu wakiizungumzia, naona watu wema wanakosana kwa sababu kila mmoja anajibu swali tofauti na la mwenzake.

Kwa wasioisoma, nitaeleza kisa chake kwa ufupi. Mwezi Aprili 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikielekea ukingoni, meli ya kivita iliyovikwa chuma inatoroka Richmond ikiwa imebeba hazina ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Inavuka Atlantiki, inaupanda mto Niger, kisha mto unabadili njia na meli inabaki mchangani katikati ya jangwa. Zaidi ya karne moja baadaye anatokea Dirk Pitt, mtumishi wa shirika la Kimarekani la utafiti wa bahari. Anaupanda mto huohuo kutafuta chanzo cha sumu inayotiririka baharini na kuchochea mwani mwekundu unaotishia kumaliza oksijeni ya dunia nzima. Chanzo chenyewe ni kiwanda cha kuteketeza taka za sumu kilichojengwa Mali na tajiri wa Kifaransa, Yves Massarde, akishirikiana na Jenerali Kazim anayeikaba nchi kooni. Kumbe taka haziteketezwi zote, nyingine zinafukiwa ardhini. Wahandisi waliojenga kiwanda, pamoja na wake na watoto wao, wametupwa katika mgodi wa dhahabu kufanya kazi ya utumwa.

Pitt na rafiki yake Giordino wanakamatwa, wanatoroka, wanakaribia kufa kwa kiu, na papo hapo wanaikuta ndege ya rubani wa kike aliyepotea jangwani mwaka 1931. Wanaivunja, wanaunda chombo cha magurudumu chenye tanga, wanasukumwa na upepo hadi wanaokoka. Baadaye kikosi kidogo cha Umoja wa Mataifa kinajifungia katika ngome kuukuu ya Wafaransa na kulizuia jeshi zima. Na ile meli ya chuma inapopatikana, ndani yake umo mwili wa Abraham Lincoln, rais ambaye dunia nzima inajua aliuawa Washington. Kana kwamba hayo hayatoshi, mwandishi mwenyewe anajitokeza ndani ya kitabu kama mzee mmoja anayezunguka jangwani na punda wake.

Sasa tuyasikilize maoni ya wasomaji, maana kila kundi lina hoja.

Kundi la kwanza linasema: burudani safi. Mtu amekaa wiki tatu na mitihani ya takwimu, kichwa kimechemka, anataka kitabu kisichomdai chochote. Sahara haidai. Kila sura inaishia mahali ambapo huwezi kulala bila kujua kilichofuata. Wenye maoni haya wanajua kwamba Lincoln hakufia jangwani, na hawapendi kuelezwa kama watoto.

Kundi la pili linasema: upuuzi. Wanauliza ni mara ngapi mtu mmoja atanusurika risasi, kiu, mto na utumwa ndani ya wiki chache, halafu abaki na nafasi ya kutania. Ndege iliyopotea miaka sitini inapatikanaje saa ileile inapohitajika? Hawa ni watu wa sayansi mara nyingi, na kwao kitabu kisichoheshimu uwezekano hakimheshimu msomaji.

Kundi la tatu linasema: acheni kabisa. Wanaikumbusha aya ya 6 ya Sura Luqman, inayokemea mazungumzo ya upuuzi yanayotumiwa kuwapotosha watu. Wanasimulia habari ya an-Nadr bin al-Harith, ambaye wafasiri wengi wanamtaja hapo. Alikuwa akileta visa vya wafalme na mashujaa wa Uajemi, kina Rustam na Isfandiyar, akiwapigia watu wa Makka mfano wa hadithi tamu ili wasimsikilize Mtume (rehema na amani zimshukie). Wanasema hizo ndizo riwaya za kusisimua za zama zile, na za leo hazina tofauti.

Kundi la nne ni dogo, nalo halizungumzi sana. Hawa wanakitazama kitabu na kuuliza: Wamali wako wapi? Hadithi yote iko katika nchi ya Waafrika, iliyo karibu yote ya Waislamu, nchi ya Timbuktu na Djenné. Mbona wenye nchi hawafanyi lolote ila kutawala vibaya, kulinda magereza au kufa?

Mimi naona kundi hili la nne limeshika jambo ambalo makundi mengine matatu yamelipita. Ili nieleze kwa nini, naomba turudi nyuma miaka mia tisa, kwani mabishano haya si mageni kwa Waislamu.

Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, aliandika Maqamat, mkusanyiko wa visa kuhusu laghai mmoja msemaji, Abu Zayd, anayezunguka miji akiwatoa watu machozi kwa mawaidha na fedha kwa hila. Kitabu kilipendwa mno, na wanafunzi walikihifadhi kwa ajili ya Kiarabu chake. Lakini al-Hariri alijua atatuhumiwa kwamba ametunga uongo, kwa hiyo katika dibaji akajitetea: mbona hakuna anayewalaumu waliotunga visa vya wanyama wanaosema, kwa kuwa lengo lao ni mafunzo?

Akaja mwanasarufi wa Baghdad, Ibn al-Khashshab, aliyefariki mwaka 1172, akamjibu kwa hoja ambayo ninaiona kali hadi leo. Kisa cha simba anayezungumza na mbweha hakimdanganyi mtu, kwa sababu hata mtoto anajua wanyama hawasemi. Uongo wake unajitangaza wenyewe mlangoni. Lakini mtu kama Abu Zayd anaweza kuwepo. Msomaji anaweza kuamini kwamba aliishi na kwamba alifanya aliyosimuliwa. Kwa hiyo visa hivyo viwili havilingani: kimoja kimevaa alama ya uongo wake, kingine kimeificha.

Wapo waliomtetea al-Hariri, na sikusudii kuwaamua wanazuoni hao. Ninaazima kipimo tu. Ibn al-Khashshab anatufundisha kwamba ukubwa wa uongo haulingani na hatari yake. Uongo mkubwa mara nyingi hauna madhara, kwa kuwa akili inausimamisha getini na kuucheka. Unaopita ni ule mdogo, wa kawaida, unaofanana na habari tunazozisikia kila siku.

Tupime Sahara kwa kipimo hicho.

Meli ya chuma jangwani ni simba anayesema. Mwili wa Lincoln ni mbweha anayemjibu. Ndege iliyogeuzwa chombo cha tanga, ngome iliyolizuia jeshi, mwandishi na punda wake: yote hayo yamevaa alama usoni. Kundi la kwanza linayacheka na kundi la pili linayakasirikia, na wote wawili wameona sawasawa kwamba si kweli. Hakuna mwanafunzi atakayeandika katika mtihani wa historia kwamba Lincoln alizikwa Afrika. Kwa hiyo sioni sababu ya kugombana kwa ajili ya mambo hayo.

Lakini ndani ya riwaya hiyohiyo kuna kijiji, Asselar, ambacho wakazi wake wamekunywa maji yenye sumu, wakapoteza akili, wakawavamia watalii na kuwala. Jambo hili linapita haraka, katika sura moja miongoni mwa nyingi. Sijamsikia mtu wa kundi la pili, wale wakali wa uwezekano, akilipigia kelele. Tunabishana kuhusu Lincoln, huku wanakijiji wala watu wanapita getini bila kuulizwa kitambulisho. Kwa nini? Kwa sababu picha ya Mwafrika mla watu imeshasikika mara nyingi hadi imekuwa kama samani ya chumba, na mtu haoni samani alizozizoea.

Sisi wa ukanda huu wa Maziwa Makuu tunaweza kulithibitisha hilo bila kwenda Mali. Mwaka 1980 Michael Crichton alitoa riwaya ya Congo, nayo ya kusisimua, nayo ikawa filamu mwaka 1995. Humo kuna mji uliopotea katika misitu ya Virunga uitwao Zinj, jina lililotokana na lile ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliita pwani yetu. Kuna almasi za buluu, kuna sokwe wa kijivu waliofunzwa kuulinda mji, kuna volkano inayolipuka na kuufukia. Mtu wa Goma, Gisenyi au Kisoro akisoma habari ya sokwe walinzi atacheka, kwa kuwa anawajua sokwe wa milima ile na watu wanaoishi chini yake. Lakini katika riwaya hiyo pia kuna kabila la waasi wanaokula watu. Waandishi wawili, nchi mbili, miaka 12 kati ya kitabu na kitabu, na bado samani ni ileile. Waandishi hawakuhitaji kupanga njama. Kila mmoja alichukua kilichokuwa tayari kwenye rafu, akijua msomaji wake hatauliza.

Naomba twende mbele zaidi, kwani kuna kisichosemwa ambacho ni kizito kuliko wala watu.

Sahara inasimulia jinsi Mali ilivyokombolewa na jenerali dhalimu. Anayemkomboa ni Dirk Pitt, kwa msaada wa wanajeshi kutoka nje. Sikuona humo Mmali hata mmoja anayeshika usukani wa hadithi. Sasa tazama tarehe. Kitabu kilitoka mwaka 1992. Katika Mali ya kweli, Moussa Traoré alikuwa ametawala tangu alipopindua serikali mwaka 1968. Mwezi Oktoba 1990 wanafunzi wa Mali waliunda chama chao, AEEM. Januari 1991 maandamano yakapamba moto. Tarehe 22 Machi askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Bamako, na watu wengi waliuawa. Umma haukurudi nyumbani. Kina mama waliingia barabarani kuwadai watoto wao, vyama vya wafanyakazi vikagoma, na tarehe 26 Machi wanajeshi wakiongozwa na Luteni Kanali Amadou Toumani Touré wakamkamata Traoré. Mwaka uliofuata, 1992, ulifanyika uchaguzi, na aliyeshinda alikuwa Alpha Oumar Konaré, mtaalamu wa historia na akiolojia. Touré akakabidhi madaraka.

Mwaka uleule, ndugu yangu. Mwaka uleule ambao msomaji wa Ulaya na Marekani alikuwa akisoma kitandani jinsi Mmarekani mmoja alivyomwondoa dikteta wa Mali, Wamali walikuwa wakipiga kura baada ya kumwondoa wao wenyewe, na walioanza kulipa bei ya damu walikuwa wanafunzi kama wewe. Najua Mali ilipata misukosuko mingine baadaye, na mapinduzi ya 2012 na yaliyofuata ni sehemu ya habari yake. Hilo halifuti kilichofanyika mwaka 1991.

Na habari ya taka za sumu? Hapo lazima tutende haki, kwani tumeamrishwa katika Sura al-Maida tusiache chuki ituondoe kwenye uadilifu. Cussler anastahili sifa kwa jambo moja kubwa. Alichagua kumfanya mtu mwovu kuwa tajiri wa Ulaya anayeitumia ardhi ya Afrika kama jalala, na dhuluma hiyo ilikuwa ya kweli. Mwaka 1988 iligundulika kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalikuwa yamerundikwa Koko, mji mdogo wa bandari nchini Nigeria, katika kiwanja cha mtu aliyelipwa kodi kidogo tu. Mwaka 2006, miaka mingi baada ya riwaya, taka zilizoletwa na meli Probo Koala zilimwagwa sehemu mbalimbali za Abidjan na kuwadhuru watu kwa maelfu. Msomaji aliyesikia kwa mara ya kwanza kupitia riwaya ya kusisimua kwamba kuna matajiri wanaoleta sumu Afrika amefaidika. Siwezi kukanusha hilo, na wanaokitupa kitabu chote kana kwamba hakina chembe ya haki hawajakitendea haki.

Lakini tazama tena nani alifanya nini. Habari ya Koko ilipofichuka, waliowaandikia wahariri wa magazeti ya nyumbani walikuwa wanafunzi wa Kinigeria waliokuwa wakisoma Italia. Serikali ya Nigeria ikaja juu, na taka zikapakiwa melini zikarudishwa. Mwaka 1989 ukapatikana Mkataba wa Basel kuhusu usafirishaji wa taka hatari, lakini nchi nyingi za Afrika ziliuona hautoshi, kwa sababu uliweka masharti ya biashara hiyo badala ya kuifunga. Zikakutana zenyewe na kuandika mkataba mkali zaidi, unaopiga marufuku kuingiza taka hatari barani Afrika. Ulipitishwa tarehe 30 Januari 1991. Na mji uliopitishwa, ambao unaupa jina lake hadi leo, ni Bamako.

Bamako, mji mkuu wa Mali, nchi ileile ya riwaya. Mwaka mmoja tu kabla ya Dirk Pitt kuja kuiokoa dhidi ya taka za sumu, Waafrika walikuwa wamekaa katika mji wake mkuu wakaandika sheria ya kujiokoa. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1998. Utekelezaji wake una mapungufu, na Abidjan ni ushahidi. Lakini kalamu ilishikwa na wenyewe.

Huu ndio uongo ninaouita wa kimya. Hakuna sentensi katika riwaya inayosema kwamba Waafrika hawawezi kujisaidia. Kama ingekuwepo, sote tungeikamata. Umo katika mpangilio tu: nani anapewa jina kamili, nani anapewa utani na mawazo, na nani anaanguka kwa risasi bila msomaji kujua aliitwa nani. Haujavaa alama usoni, na kwa kipimo cha Ibn al-Khashshab hapo ndipo ilipo hatari. Hata waliotengeneza filamu walimwondoa Lincoln, simba wao anayesema, kwa kuona kwamba amezidi. Na kwa haki niseme pia kwamba waliwapa Watuareg nafasi ya kupigana katika filamu ile kuliko ilivyo kitabuni, ishara kwamba pengo hilo lilionekana. Lakini waliokwenda kuwafungulia mlango ni Pitt yuleyule.

Kuna pingamizi mbili ambazo nisingependa kuzikwepa.

Ya kwanza ni ya kundi la kwanza: "Hadithi tu hiyo, kwa nini unaibebesha mizigo?" Najibu kwamba neno "hadithi tu" ni kweli kwa Lincoln na si kweli kwa Asselar. Mtu anayesoma riwaya moja ya namna hii hadhuriki. Anayesoma thelathini, na Cussler peke yake aliandika na kushirikiana kuandika vitabu vingi kuliko hivyo, anajengewa mazoea, na mazoea hayaombi ruhusa ya akili. Siku atakapokuwa afisa wa shirika fulani na kutumwa Mopti au Bukavu, hatakumbuka njama ya riwaya hata moja. Atakachokuwa nacho ni hisia tu kwamba yeye ndiye aliyekuja kutenda, na wenyeji ni wa kutendewa. Na sisi wenyewe tunaozisoma tukiwa tumezaliwa huku hatuna kinga. Hatari yetu ni kubwa zaidi, kwa sababu tunajifunza kumshangilia mtu aliyekuja kutuokoa na kusahau kuuliza tulikuwa wapi.

Ya pili ni ya kundi la tatu: "Basi umekiri kuwa kitabu kina madhara. Acheni." Mimi si mufti, na mwenye kujiepusha na riwaya hizi kwa kuhofia muda wake ana hoja nzito, maana tutaulizwa kuhusu umri wetu, na ujana umetajwa kwa jina lake. Lakini habari ya an-Nadr inatufunza kuangalia nia pamoja na kisa. Kosa lake halikuwa kwamba alimjua Rustam. Aliyatumia masimulizi kama pazia, ili watu wasiione haki iliyokuwa mbele yao. Waislamu waliokuja baadaye walisimulia habari za wafalme wa Uajemi katika vitabu vya tarekhe, na at-Tabari ni miongoni mwao, bila kuwa na hukumu ya an-Nadr. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya riwaya yoyote ni hili: inanifunika nisione nini? Kwa Sahara jibu tumelipata. Inafunika Bamako ya mwaka 1991. Na pazia huondolewa na anayelitambua. Anayeondoka tu chumbani analiacha lilivyo kwa wengine wote waliobaki.

Msimamo wangu basi ni huu. Kufurahia si kukubali. Aliyecheka meli ya chuma jangwani hajatenda dhambi ya kuwadharau Wamali, na si haki kumtuhumu. Lakini furaha ina ushuru wake. Mtu akishastarehe na hadithi iliyopita juu ya ardhi ya watu wengine, analo deni dogo la kuijua ardhi hiyo kidogo kuliko hadithi ilivyomwambia. Deni hilo halilipwi kwa kususia wala kwa hasira. Linalipwa kwa kusoma kurasa chache zaidi.

Na asiseme mtu kwamba ukweli hauna msisimko. Mwezi Aprili 2012 Timbuktu iliangukia mikononi mwa makundi yenye silaha. Mkutubi Abdel Kader Haidara na wenzake walikuwa na hazina ya hati za kale kwa mamia ya maelfu, zilizoandikwa na kunakiliwa na wanazuoni wa Kiislamu kwa karne nyingi. Walizitia katika masanduku ya chuma, wakazihifadhi majumbani kwa siri, kisha wakazisafirisha kidogo kidogo kwenda Bamako, kwa magari kupitia vizuizi vya barabarani na kwa mitumbwi katika mto Niger. Mapema mwaka 2013, wapiganaji walipokuwa wakiukimbia mji, walichoma maelfu ya hati katika taasisi yenye jina la Ahmad Baba, mwanazuoni wa mji huo aliyefariki mwaka 1627. Lakini sehemu kubwa kabisa ya hazina ilikuwa imekwisha kuondoka. Kuna mto, kuna jangwa, kuna maadui, kuna hazina. Mashujaa ni wakutubi, madereva, wenye mitumbwi na familia zilizoficha masanduku chini ya vitanda. Hakuna aliyehitaji mwili wa Lincoln ndani ya sanduku ili lisisimue.

Kwa hiyo, kaka yangu, dada yangu, riwaya ikikufikia mkononi, isome kama unataka, au iache kama muda wako umeuweka pengine. Ukiisoma, cheka panapochekesha. Kisha fanya jambo moja: chagua mtu mmoja asiye na jina katika kitabu hicho, mlinzi wa lango, mwanakijiji, mpishi wa mgodini, na ujiulize alikuwa akifanya nini siku shujaa alipopita. Ukishindwa kujibu, umeipata mada ya utafiti, na pengine mada ya hadithi. Kuna wanafunzi waliosoma habari za mapipa ya sumu wakiwa mbali na kwao wakaamua kuandika barua. Kalamu waliyoishika haikuwa tofauti na yako.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.